Jina Lako Liko Wapi? Mazungumzo juu ya Picha za Eksirei

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima ya Babati. Mwalimu, waache wanafunzi wasikilize kwanza. Baadaye wasome wenyewe polepole, fungu kwa fungu, kisha wajibu maswali yaliyo mwishoni.)

Natumaini mmekwisha kaa vizuri, na kila mtu ana daftari na kalamu yake. Najua wengine wenu mmetoka kupalilia mbaazi huko Gallapo na Bonga, na wengine mmefunga biashara sokoni ili mwahi darasa. Ahsanteni kwa kuja. Leo hatutazungumza juu ya mbaazi wala mahindi. Tutazungumza juu ya picha ile ipigwayo hospitali, ambayo huonyesha mifupa na mapafu ya mtu. Twaiita picha ya eksirei.

Nitaanza na habari ya mjomba wangu.

Mjomba wangu ni mkulima. Siku moja ya mnada alikuwa akipeleka magunia ya mahindi kwa mkokoteni wa ng'ombe. Lori likapiga honi nyuma yake, ng'ombe wakashtuka, naye akaanguka chini, akaumia nyonga ya kulia. Watu wema wakamchukua hospitali. Sitaitaja hospitali hiyo, maana sitaki kumwaibisha mtu, na kosa nitakalowaeleza laweza kutokea popote. Siku ile watu walikuwa wengi sana. Mjomba akapigwa picha, akasubiri, akaitwa jina, akapewa bahasha. Daktari akaitazama ile picha akasema, "Mzee, shukuru Mungu, mfupa ni mzima." Akapewa vidonge vya maumivu, akarudishwa nyumbani.

Siku 9 alilala kitandani akilia kwa maumivu. Siku ya 10 tukamrudisha. Wakapiga picha nyingine. Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika shingoni, pale unapoingia katika nyonga. Kwa kuwa alikuwa amechelewa, matibabu yake yakawa magumu. Leo hii mjomba anatembea kwa mkongojo, na mguu mmoja ni mfupi kuliko mwenzake.

Niliporudi nyumbani kwake nikaikuta ile bahasha ya kwanza imechomekwa juu ya kitanda. Nikaitoa picha, nikaiinua mbele ya dirisha, nikasoma maandishi yaliyo pembeni. Jina lilikuwa lake, majina yote mawili. Lakini umri ulioandikwa ulikuwa miaka 27, na mjomba wangu alikuwa na miaka 61. Tena kando yake palikuwa na herufi L. Maana ya herufi hiyo ni upande wa kushoto, naye aliumia kulia. Basi picha ile haikuwa yake. Siku ile alikuwako kijana mmoja mwenye majina kama yake, na bahasha zao zilipishana. Kijana mwenyewe simjui, wala sijui yeye aliambiwa nini.

Wasikilizaji, ile karatasi ilikaa juu ya kichwa cha mgonjwa siku 9, na ukweli wote ulikuwa umeandikwa pale. Daktari alikuwa na haraka, hakusoma. Mjomba hakujua kusoma. Watu wa nyumbani nao hawakujua. Ndiyo sababu nimeomba kuzungumza nanyi, ninyi mnaojifunza kusoma. Wengine hudhani kisomo ni kwa ajili ya kusoma barua na magazeti tu. Kisomo chaweza kuuokoa mguu wa mtu.

Haya, sasa tuulize: picha ya eksirei ni kitu gani?

Mwaka 1895 huko Ujerumani, katika mji wa Würzburg, alikuwako mwalimu wa chuo kikuu aliyeitwa Wilhelm Conrad Röntgen. Tarehe 8 Novemba mwaka huo, alipokuwa akifanya majaribio ya umeme katika chumba chenye giza, aliona mwanga usioonekana kwa macho ukipenya vitu ambavyo mwanga wa kawaida haupenyi. Hakujua ni nini, kwa hiyo akauita kwa herufi X, yaani kitu kisichojulikana. Tarehe 22 Desemba akamwita mkewe, akaupiga picha mkono wake. Wakaona mifupa ya vidole, na juu ya kidole kimoja, doa jeusi la mviringo. Lile doa lilikuwa pete yake. Ikumbukeni pete hiyo, maana tutairudia. Mwaka 1901 Bwana Röntgen alipewa Tuzo ya Nobel, naye akawa wa kwanza kabisa kupewa tuzo hiyo katika elimu ya fizikia.

Mwanga huo twauita mionzi. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni neno hili: MIONZI.

Mionzi hufanya kazi kama kibatari na kivuli. Ukiweka mkono mbele ya kibatari usiku, kivuli cha mkono huonekana ukutani. Mionzi nayo hupita mwilini. Nyama laini huipitisha kwa wingi, mapafu yaliyojaa hewa huipitisha zaidi, lakini mfupa huizuia. Basi katika picha za siku hizi mfupa huonekana mweupe, na mapafu huonekana meusi. Daktari husoma kivuli hicho kama wewe usomavyo kitabu.

Kuna mambo mawili ambayo watu wengi huyakosea. La kwanza: picha haiponyi. Nimewasikia watu wakisema, "Nimepigwa picha mara mbili na bado naumwa." Ndugu yangu, picha ni macho ya daktari tu, haina dawa ndani yake. La pili: mionzi ya picha haibaki mwilini. Mashine ikizimwa, mionzi imekwisha, kama giza lirudivyo mara taa inapozimwa. Mtu aliyepigwa picha haambukizi mtu. Aweza kumnyonyesha mtoto wake saa ile ile.

Kama ni hivyo, kuna hatari gani? Sikilizeni vizuri, maana hapa pana kosa la pande mbili. Wako wanaoiogopa picha kupita kiasi, na wako wanaoitaka kupita kiasi.

Miaka ya kwanza watu hawakuogopa hata kidogo. Waganga na mafundi waliweka mikono yao wenyewe mbele ya mashine kila siku ili kuijaribu. Baada ya miaka, ngozi zao zikaungua, vidole vikakatwa, na wengi wakafa kwa saratani. Huko Hamburg, Ujerumani, mwaka 1936 liliwekwa jiwe la ukumbusho lenye majina zaidi ya 150 ya waganga na mafundi wa nchi mbalimbali waliokufa kwa ajili ya kazi hiyo. Hata hivyo, nchi za Ulaya na Marekani ziliendelea kutumia mionzi ovyo. Palikuwa na maduka ya viatu yaliyokuwa na sanduku la eksirei. Mtoto aliingiza mguu humo ili mama yake atazame kama kiatu kinamtosha. Mionzi kwa ajili ya kununua viatu! Leo jambo hilo limekwisha.

Kisha akaja daktari mmoja mwanamke huko Uingereza, jina lake Alice Stewart. Alitaka kujua kwa nini watoto wadogo walikuwa wakifa kwa saratani ya damu na saratani nyingine. Hakuanzia katika mashine wala katika vitabu. Aliwauliza akina mama. Mwaka 1956 akatangaza alichokiona: akina mama wa watoto waliokufa walikuwa wamepigwa picha za eksirei tumboni wakati wa uja uzito kwa wingi zaidi, kiasi cha mara mbili, kuliko akina mama wa watoto wazima. Wataalamu wengi hawakutaka kumsikia. Ilipita miaka mingi kabla hawajakubali, na picha za namna ile kwa waja wazito zikaachwa pole pole. Akina mama walikuwa na jibu tangu mwanzo. Walihitaji mtu wa kuwauliza.

Sasa tupime hatari yenyewe kwa haki. Mionzi kidogo iko kila mahali: katika udongo, katika mawe, hata kutoka mbinguni. Hiyo ni mionzi ya asili. Wataalamu huipima kwa kipimo kiitwacho milisiveti. Kwa wastani, mtu mmoja duniani hupata kiasi cha milisiveti 2.4 kwa mwaka kutokana na mionzi hiyo ya asili. Picha moja ya kifua, ikipigwa vizuri, haizidi sehemu moja ya kumi ya milisiveti moja. Hiyo ni sawa na mionzi ya asili ya wiki mbili hivi, na mara nyingi ni pungufu. Hicho ni kitu kidogo. Mwenye kikohozi cha wiki tatu, au mchimbaji wa Mererani aliyevuta vumbi la mawe miaka mingi, asikatae picha ya kifua kwa kuogopa mionzi. Kifua kikuu kisichojulikana chaweza kumwua na kuwaambukiza watoto wake.

Lakini iko mashine nyingine kubwa, yenye umbo la pete, ambayo mgonjwa hulala akapitishwa katikati yake. Huitwa siti skani. Hiyo huonyesha mengi sana: damu iliyovuja kichwani baada ya ajali ya bodaboda, kwa mfano. Lakini siti skani moja ya tumbo yaweza kuwa na milisiveti 8 au zaidi, yaani mionzi ya asili ya miaka mitatu au minne kwa mara moja. Ikihitajika, huokoa maisha. Isipohitajika, ni mzigo wa bure mwilini na mfukoni. Na mtoto ndiye wa kuangaliwa zaidi, maana mwili wake unakua, na miaka iliyo mbele yake ni mingi.

Basi, kanuni ni mbili tu, nazo hutumika duniani kote. Kwanza, picha ipigwe ikiwa ina faida kuliko madhara. Pili, ikipigwa, mionzi iwe kidogo kadiri iwezekanavyo, lakini picha isomeke. Picha isiyosomeka haina faida hata kama mionzi yake ni kidogo, kwa sababu itabidi kurudiwa.

Tuseme sasa wewe unakwenda kupigwa picha, iwe hapa mjini Babati, au Dareda, au Haydom, au kwingineko. Ufanye nini?

Jambo la kwanza: uliza. Mwulize daktari kwa heshima, "Bwana Daktari, picha hii itatuonyesha nini?" Daktari mwema hakasiriki. Kama ulipigwa picha ya mahali hapo hapo wiki iliyopita katika hospitali nyingine, mwambie, umpe ile ya zamani. Huenda mpya haitahitajika, na fedha yako itabaki mfukoni. Na wewe, usimlazimishe daktari akupige picha anaposema haina haja. Maumivu ya mgongo ya siku mbili baada ya kulima mara nyingi hayahitaji picha.

Jambo la pili ni kwa akina mama. Kama una mimba, au kama siku zako zimechelewa na huna hakika, sema kabla ya kuingia chumbani. Usione haya, hata kama mtumishi ni kijana wa umri wa mwanao. Wazee walisema, mficha uchi hazai. Ukisema, daktari atafikiri. Pengine atangoja, pengine atatumia njia nyingine, na pengine atasema picha ni ya lazima kwa sababu maisha yako yamo hatarini, na ya kifua au ya mkono yaweza kupigwa bila mionzi kulielekea tumbo. Basi kuwa na mimba si kusema picha ni haramu. Ni kusema daktari lazima ajue.

Jambo la tatu: vua vitu. Mnaikumbuka ile pete ya mke wa Bwana Röntgen? Chuma, shaba na fedha huzuia mionzi kama mfupa. Mkufu, bangili, shanga, sarafu mfukoni, vifungo, pini ya mtandio, hata hirizi yenye chuma, vyote hutoa kivuli. Doa la kifungo juu ya pafu laweza kufanana na ugonjwa. Nywele za kusuka zilizoangukia begani zaweza kuficha ncha ya pafu, na ncha hiyo ndiyo mahali ambapo kifua kikuu hupenda kuanza. Akina mama wa Kibarbaig wavaao shaba shingoni, naomba msikasirike mkiambiwa mvue. Anayewaambia anataka picha moja tu, isirudiwe.

Jambo la nne: tulia. Ukiambiwa vuta pumzi uishike, vuta uishike. Ukitikisika, picha huchafuka kama kivuli cha mti wakati wa upepo. Kama ni mtoto, jamaa mmoja aweza kumshika, lakini asiwe mama mwenye mimba, naye avae aproni ya risasi. Wengine wote watoke nje, mlango ufungwe. Umbali ni kinga kubwa. Ukisimama mbali mara mbili ya mwanzo, mionzi ikufikiayo haipungui nusu tu, hupungua ikabaki robo.

Jambo la tano ndilo lililomponza mjomba wangu. Kabla ya picha, taja majina yako yote, umri wako, na mahali pauumapo. Usingoje mtu aseme, "Wewe ndiye fulani?" ukaitika tu, "Ndiyo." Sema mwenyewe. Baada ya picha, soma. Soma jina. Soma umri. Soma tarehe. Kisha tafuta herufi.

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni herufi hizi mbili, kubwa kubwa: R na L.

R ni upande wa kulia wa mgonjwa. L ni upande wa kushoto. Herufi hizi zimetoka katika Kiingereza. Jihadharini hapa! Neno letu "kulia" lina herufi L ndani yake, lakini L ya picha si kulia, ni kushoto. Rudieni pamoja: R, kulia. L, kushoto. Tena. Vizuri. Na picha ya kifua huwekwa kana kwamba mgonjwa amesimama akikutazama. Basi upande wake wa kulia uko mkabala na mkono wako wa kushoto, kama mnapopeana mikono mkiwa mmeelekeana.

Kama jina, umri au upande si sawa, rudi dirishani useme, "Samahani, bwana, naona picha hii si yangu." Hukumtukana mtu. Umemsaidia.

Hayo ndiyo yetu sisi wagonjwa. Lakini isiwe mgonjwa abebe mzigo wote. Wenye mashine nao wana wajibu, nanyi mna haki ya kuujua.

Chumba cha eksirei chapasa kuwa na kuta zinazozuia mionzi, na alama ya onyo mlangoni. Aiendeshaye mashine awe amesomea kazi hiyo. Nchi yetu ilipitisha sheria ya kujikinga na mionzi mwaka 1983. Mwaka 2003 ikapitisha Sheria ya Nguvu za Atomiki, iliyounda Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, ambayo maabara zake ziko Arusha, safari ya kilometa 170 hivi kutoka hapa Babati. Tume hiyo hutoa leseni za mashine na kuzikagua, ziwe za serikali, za misheni au za watu binafsi. Mkimwona mtumishi wa eksirei amevaa kidude kidogo kifuani, si pambo lile. Hupima mionzi aliyoipata yeye kazini, nacho hupelekwa kusomwa baada ya muda. Mwaka 2007 ilitungwa sheria nyingine, iliyounda baraza la wataalamu wa picha za tiba.

Kuna jambo moja jipya ambalo hata wataalamu wanaonyana juu yake. Zamani, picha ilipopigwa kwa filamu, mionzi ikizidi filamu iligeuka nyeusi. Kosa likaonekana mara moja, kama wali uliokaukiwa maji ukaungua. Siku hizi hospitali nyingi zatumia kompyuta. Kompyuta huirekebisha picha ikaonekana nzuri hata kama mionzi ilizidi. Basi mtumishi aweza kuongeza mionzi kidogo leo, na kidogo kesho, na hakuna anayeona, kwa kuwa kila picha ni nzuri. Wanaoumia ni wagonjwa, na zaidi watoto wapigwao kwa kipimo cha mtu mzima. Dawa yake ni kupima mashine kila mara, kuandika kipimo kilichotumika, na kuhesabu picha ngapi zilirudiwa mwezi huu na kwa sababu gani. Hospitali inayohesabu makosa yake ndiyo hospitali nzuri. Inayosema haina makosa haijahesabu.

Kadhalika, mtumishi apewe nafasi ya kufanya kazi yake. Mtu mmoja akiwa na wagonjwa wengi mno na umeme unaokatika, haraka itamkosesha hata akiwa hodari. Haraka haraka haina baraka. Ninyi mnaokaa katika kamati za zahanati na hospitali, na mnaokwenda katika mikutano ya mtaa, ulizeni mambo haya huko: Mashine yetu ilikaguliwa lini? Watumishi wa eksirei wangapi? Picha husomwa na nani, na baada ya muda gani?

Kabla sijamaliza, neno moja juu ya altrasaundi, ile ya kupakwa utelezi tumboni na kuona mtoto katika kioo. Hiyo haitumii mionzi kabisa. Hutumia sauti ambayo sikio halisikii, irudiyo kama mwangwi wa mlimani. Mnajua ukipiga ukelele mbele ya mlima Kwaraa sauti hurudi. Basi ni hivyo hivyo. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 lashauri kila mja mzito apate altrasaundi moja kabla ya wiki 24 za mimba. Lakini altrasaundi hutegemea sana mkono na jicho la mwenye kupima. Kwa hiyo nayo yataka mtu aliyefundishwa, wala haichukui nafasi ya kuhudhuria kliniki.

Basi, wasikilizaji, mjomba wangu yuko hai. Mwaka jana alijiandikisha katika darasa la kisomo, akija na mkongojo wake. Juzi alikohoa wiki tatu, akapelekwa kupigwa picha ya kifua. Kijana wa eksirei akamwuliza, "Mzee, wewe ndiye fulani?" Mjomba akajibu, "Ngoja kwanza, kijana. Nionyeshe ulivyoandika." Akasoma jina, kwa kidole, herufi moja moja. Akasoma umri. Watu waliokuwa nyuma yake katika mstari walinung'unika kwamba anawachelewesha. Kijana hakunung'unika. Alimngoja mpaka akamaliza.

Kisomo chema, wasikilizaji wapenzi. Kwaherini mpaka tutakapokutana tena.

Maneno ya kuandika: mionzi, eksirei, pafu, nyonga, leseni, kulia, kushoto.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Ni mambo gani mawili yaliyoandikwa katika picha ya kwanza, ambayo yangeweza kumsaidia mjomba?

2. Herufi R ni upande gani wa mgonjwa? Na herufi L?

3. Kwa nini mtu avue mkufu na shanga kabla ya picha ya kifua?

4. Mama mwenye mimba amevunjika mkono. Amwambie nini mtumishi wa eksirei? Je, picha yakatazwa kabisa?

5. Kama yuko mtu darasani mwenye picha nyumbani, ailete somo lijalo. Wote wasome pamoja jina, umri, tarehe na upande, kama mwenyewe anaridhia.